Ukuta Mwembamba Ndani ya Kifua

Katika shule nyingi mfumo wa upumuaji hufundishwa kuanzia puani. Mwanafunzi huchorewa kichwa na kifua, akaoneshwa mshale unaoingia puani, kisha akatakiwa kukariri njia: pua, koromeo, zoloto, bomba la hewa, matawi yake mawili, vijitawi, na hatimaye vifuko vya hewa. Nimefundisha baiolojia hapa Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kuyajua matokeo ya mpangilio huo. Mwanafunzi huingia katika chumba cha mtihani akiwa na orodha nzima kichwani, lakini ukimwuliza kwa nini pua ina kamasi, au kwa nini bomba la hewa lina pete za gegedu, yaani mfupa mwororo, hana la kusema, kwa sababu kile ambacho viungo vyote hivyo vinakitumikia kimewekwa mwisho wa orodha, mahali ambapo kipindi huwa kinakaribia kwisha na kila mtu anakunja daftari. Kwa maoni yangu inafaa kuanza na huo mwisho, kwa sababu mtu akishauelewa, sehemu nyingine zote hujieleza.

Mwisho wenyewe ni ukuta. Ndani ya mapafu ya mtu mzima kuna vifuko vya hewa vipatavyo milioni 480, na kila kimoja kina upana wa takriban milimita 0.2. Ukuta wa kifuko umejengwa kwa tabaka moja tu la seli zilizobapa, na kwa nje umezungukwa na kapilari, yaani mishipa ya damu iliyo myembamba kiasi kwamba seli nyekundu za damu hupita humo karibu moja moja. Umbali kati ya hewa iliyomo kifukoni na damu iliyomo katika kapilari ni chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kuta hizo zote zingekunjuliwa na kutandazwa, zingefunika eneo la mita za mraba zipatazo 70, ilhali chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, cha aina inayojulikana sana Manzese na Mbagala, kina mita za mraba 9 tu. Vyumba saba vya namna hiyo, na zaidi, vimekunjwa ndani ya kifua cha kila mmoja wetu.

Upana huo na wembamba huo ndio siri ya kazi nzima, kwa kuwa oksijeni haisukumwi na chombo chochote ili iingie katika damu. Inapita yenyewe, kutoka mahali ilipo nyingi kwenda mahali ilipo chache, na kabonidayoksaidi inapita upande wa pili kwa kanuni hiyohiyo. Mwendo wa aina hiyo ni mwepesi tu endapo umbali ni mfupi sana na eneo ni pana sana. Seli nyekundu ya damu, mwili ukiwa umetulia, hukaa katika kapilari ya pafu kwa takriban robo tatu ya sekunde, na theluthi ya muda huo yatosha kwa himoglobini yake, yaani protini inayobeba oksijeni, kujaa oksijeni, kila molekuli ya himoglobini ikibeba molekuli nne za oksijeni. Muda unaobaki ni akiba, na ndiyo akiba tunayoitumia tunapokimbilia pantoni inayokaribia kung'oa nanga pale Kigamboni, wakati damu inapopita kwa kasi zaidi na bado inatoka ikiwa imejaa.

Hewa tunayovuta ina asilimia 21 ya oksijeni na takriban asilimia 0.04 ya kabonidayoksaidi. Ile tunayotoa ina takriban asilimia 16 ya oksijeni na asilimia 4 ya kabonidayoksaidi. Ni vyema kuzitazama tarakimu hizo kwa utulivu. Zinaonesha kwamba pumzi inayotoka bado ina oksijeni nyingi, na ndiyo maana mwokozi aliyefunzwa anaweza kumpulizia pumzi yake mwenyewe mtu aliyeopolewa baharini na kumfaa.

Haikuwa rahisi kwa binadamu kulitambua jambo hili. Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walimfuata Galen, tabibu Mgiriki wa kale, aliyefundisha kwamba damu huvuja kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia matundu yasiyoonekana. Tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Syria aliyefanya kazi Cairo, aliandika mwaka 1242 kwamba matundu hayo hayapo, na kwamba hapana budi damu ipite katika mapafu, ichanganyike na hewa humo, ndipo irejee upande wa kushoto wa moyo. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1661 ndipo Marcello Malpighi, Mwitalia, alipotazama mapafu ya chura kwa hadubini na kuziona kapilari kwa macho. Leo tunajua kwamba damu yote inayosukumwa na moyo, takriban lita 5 kwa dakika mtu akiwa amepumzika, lazima ipite kwanza mbele ya ukuta huu. Ukiuacha moyo wenyewe, hakuna kiungo kingine kinachopitisha damu yote ya mwili kwa namna hiyo.

Sasa turudi nyuma kuelekea puani, tukiukumbuka ukuta. Kitu chembamba kiasi hicho, kilicho kipana kiasi hicho, ambacho lazima kibaki na unyevu wakati wote, hakiwezi kukaa wazi kwenye vumbi na jua. Kazi ya pua ni kuitayarisha hewa. Ndani yake kuna mikunjo ya mifupa iliyofunikwa na utando wenye damu nyingi, nayo hewa ikipita juu ya mikunjo hiyo hupata joto na unyevu, hata inapofika ndani kabisa ya mapafu huwa na joto la mwili, nyuzi 37, na imeshiba mvuke. Katika mji wetu kazi hiyo si kubwa sana, kwa kuwa hewa ya pwani ni ya joto na yenye unyevu tangu hapo. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Njombe au Makete mwezi wa Julai huiona tofauti asubuhi ya kwanza, pale pumzi yake inapotoka kama moshi mweupe. Mvuke huo unatoka katika kila pumzi tunayotoa hata huku pwani, ila hewa yetu ya joto haiugandishi tukauona.

Kuhusu vumbi, vinyweleo vya pua huzuia punje kubwa, na zilizobaki hunaswa na kamasi. Kuanzia puani hadi ndani ya vijitawi vya mapafu, utando umefunikwa na seli zenye vijinywele vidogo mno ambavyo hupiga mara 10 hivi kwa sekunde, vyote kwa mwelekeo mmoja, vikiusogeza utelezi uliobeba uchafu hadi kooni, ambako tunaumeza bila kujua. Dereva wa bodaboda anayepenga kamasi jioni baada ya kutwa nzima barabarani, akaona weusi kwenye leso, ameuona uchafu ambao haukufika mapafuni. Moshi wa sigara hupooza vijinywele hivyo na mwishowe huviua, na mvutaji hubaki na njia moja tu ya kuutoa utelezi wake, yaani kukohoa kila asubuhi. Punje ndogo kabisa hupenya vizuizi vyote na kufika kwenye vifuko, ambako kuna seli za ulinzi zinazozimeza.

Koromeo ni njia panda ya hewa na chakula, na hapo ndipo mwili ulipoweka mpangilio ambao mimi, kila ninapoufundisha, naona una hatari isiyoepukika. Chakula huenda nyuma kwenye umio, hewa huenda mbele kwenye zoloto, na kifuniko cha gegedu kiitwacho kidakatonge huinamia mlango wa zoloto kila tunapomeza. Mtu akicheka au akizungumza na tonge mdomoni, mlango unafunguka kwa wakati usiofaa naye anapaliwa. Kwa mtu mzima kikohozi kikali hutosha kukirudisha kilichopotea njia. Kwa mtoto mdogo mambo ni mengine, kwa sababu njia zake za hewa ni nyembamba. Tawi la kulia la bomba la hewa ni pana zaidi na limesimama wima zaidi kuliko la kushoto, kwa hiyo punje ya karanga ikishapita zolotoni mara nyingi huteremkia pafu la kulia na kuziba. Mtoto wa chini ya miaka minne asipewe karanga nzima nzima, hata kama wenzake wanakula.

Hapohapo zolotoni ndipo sauti inapotengenezwa. Nyuzi za sauti hutikiswa na hewa inayotoka, na ndiyo sababu mwadhini anayeivuta sauti katika adhana ya alfajiri huvuta pumzi ndefu kwanza, kisha huiachia kidogo kidogo kwa kuudhibiti msuli ulio chini ya mapafu yake.

Msuli huo unahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Pafu halina msuli wa kujivutia hewa. Ili kuwaonesha wanafunzi, mimi huagiza mapafu ya mbuzi kutoka machinjio ya Vingunguti, na huomba yaachwe na bomba lake la hewa bila kupasuliwa, kwani mara nyingi mkaguzi wa nyama huyachana akitafuta ugonjwa, na pafu lililochanwa halijai. Yakifika mezani huwa yamesinyaa, yana rangi ya nyekundu iliyofifia. Mwanafunzi hupitisha vidole juu ya bomba na kuzihisi pete za gegedu, ambazo kwa nyuma, upande unaoegemeana na umio, hazikutani, ili tonge lipate nafasi ya kupita. Pete hizo hulifanya bomba libaki wazi hata hewa inapovutwa kwa nguvu. Kisha tunaingiza mpira mwembamba, tunaufunga kwa uzi, na mmoja wao anasukuma pampu ya baiskeli taratibu. Mapafu hupanda, rangi yake hugeuka kuwa ya waridi iliyopauka, kingo zake hunyooka, na yanafunika sehemu kubwa ya sinia. Pampu ikiachwa, yanasinyaa yenyewe na hewa inatoka kwa mlio mdogo. Tukikata kipande na kukitia katika ndoo ya maji, kinaelea, ilhali kipande cha ini kinazama. Ndani yake hakuna uwazi mmoja mkubwa. Ni nyama laini iliyojaa vitundu visivyohesabika.

Kusinyaa huko ndilo jambo la kuzingatia. Mapafu yetu nayo, yakiwa hai kifuani, muda wote yanataka kusinyaa, na kinachoyazuia ni utando wenye tabaka mbili na umajimaji kidogo katikati, unaoyashikiza kwenye ukuta wa kifua. Tunapovuta pumzi, kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hujikaza na kushuka, na misuli ya kati ya mbavu huziinua mbavu kwenda juu na nje. Kifua kinapanuka, mapafu yanalazimika kukifuata, shinikizo la hewa ndani yake linapungua kidogo tu chini ya lile la nje, na hewa inaingia. Kutoa pumzi, mtu akiwa ametulia, hakuhitaji nguvu yoyote: misuli inalegea na mapafu yanasinyaa kwa tabia yake. Mtu mzima hufanya hivyo mara 12 hadi 20 kwa dakika, kila mara akiingiza takriban mililita 500, na katika hizo kama mililita 150 huishia njiani, ndani ya mabomba, bila kufika kwenye ukuta. Kwa hiyo mgonjwa anayehema haraka kwa pumzi fupi fupi hutumia nguvu nyingi kuijaza njia tu, na ukuta hupata kidogo.

Vifuko navyo vina tatizo lake. Unyevu unaovifunika una tabia ya kujivuta, na kwa udogo wake vingejifunga kabisa kila tunapotoa pumzi. Mapafu hutengeneza kilainishi cha mafuta na protini kinachopunguza mvuto huo. Mtoto aliye tumboni huanza kukitengeneza karibu na wiki ya 24 ya mimba, lakini hakitoshi mpaka karibu wiki ya 34 au 35. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, nchini Marekani, walionesha kwamba watoto njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa na kilainishi hicho. Ugunduzi huo ndio unaoeleza kwa nini mama aliye katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati huchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na ningependa kila familia inayoona mama akichomwa sindano hizo ijue zina kazi gani.

Mdundo wa upumuaji huongozwa na sehemu ya chini ya ubongo, na kinachouamrisha zaidi ni wingi wa kabonidayoksaidi katika damu, wala si upungufu wa oksijeni. Vijana wanaoshindana kukaa chini ya maji pale Coco Beach wanapaswa kulijua hili. Anayehema haraka haraka kabla ya kuzama huiondoa kabonidayoksaidi, naye anapata hisia kwamba ana pumzi nyingi, kumbe oksijeni aliyonayo haikuongezeka kwa kiasi cha maana. Chini ya maji oksijeni inakwisha kabla ile hamu ya kupumua haijamjia, na anazimia bila onyo.

Mkaa nao una hatari inayohusu ukuta huu moja kwa moja, na kwa mji unaopika kwa mkaa kama wetu, nadhani haizungumzwi vya kutosha. Wakati wa masika watu huwasha jiko nje, wakasubiri mkaa ukolee na moshi ukome, kisha wakaliingiza ndani na kufunga mlango na dirisha, maharage yaendelee kuiva. Wanauogopa moshi, na moshi haupo tena. Lakini mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ukuta wa mapafu unaipitisha kwa wepesi uleule, na seli nyekundu zinajaa mzigo usiofaa. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na aliyelala hana njia ya kujiokoa. Jiko la mkaa halilali ndani na watu, liwe na moshi au lisiwe nao.

Katika pumu ukuta huwa mzima, ila njia za kuufikia zimebanwa: misuli iliyozunguka vijitawi hujikaza, utando huvimba, na utelezi huzidi. Njia ikipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa huongezeka mara 16, na hilo linaeleza kwa nini mgonjwa hubadilika ghafla. Wapo wanaoamini kwamba pampu ya pumu humzoesha mgonjwa mpaka asiweze kuishi bila hiyo, wakamnyima mtoto dawa hadi hali iwe mbaya. Dawa ya kuvutwa hufika palepale penye tatizo kwa kipimo kidogo, na kuichelewesha ndiko kunakoua.

Kifua kikuu, ambacho vijidudu vyake viligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, husafiri katika matone madogo kiasi cha kuvipita vizuizi vyote hadi kwenye vifuko. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apeleke makohozi yake kupimwa. Pale Morogoro panya buku wamefunzwa kuutambua ugonjwa huo kwa kunusa sampuli za makohozi, na wamesaidia kuwabaini wagonjwa waliopitwa na vipimo vya hadubini.

Nimeiacha nimonia hadi hapa kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi moyoni. Ifikapo kipupwe, Juni hadi Agosti, mzazi wa Dar es Salaam humvisha mtoto sweta juu ya sweta, akisema baridi isimwingie kifuani. Nimonia huletwa na vijidudu, na chanjo zinazotolewa kliniki katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huzuia sehemu kubwa ya ile iliyo mbaya. Mtoto anapougua, vifuko hujaa majimaji na usaha, ukuta ulio wazi hupungua, naye hulazimika kuhema haraka ili kufidia. Kwa hiyo zile nguo zimekifunika kile kitu ambacho mzazi alipaswa kukitazama. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, shika saa, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Kwa aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno; kwa mwenye miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi; kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kisha tazama sehemu ya chini ya kifua. Inapaswa kutanuka anapovuta pumzi. Ikibonyea kuelekea ndani, maana yake ni kwamba mapafu yamekuwa magumu, kiwambo kinavuta kwa nguvu zote, na kwa kuwa hewa haiingii vya kutosha, mbavu laini za mtoto ndizo zinazovutwa ndani. Mtoto wa namna hiyo hangojewi asubuhi, wala hapakwi mafuta ya kuchua. Hupelekwa kituo cha afya usiku huohuo, na huko huenda akawekewa oksijeni kwa vimirija viwili vidogo vya puani, kwa sababu sehemu ya ukuta iliyobaki wazi, ikikutana na hewa yenye oksijeni zaidi ya ile asilimia 21, inaweza kupitisha ya kumtosha huku dawa ikifanya kazi yake.